Mawe Kumi na Kopo la Rangi

Mwenye nyumba wangu wa Bariadi aliniuliza mshahara wangu siku ya pili tu tangu nihamie kwake. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amekaa barazani anapepeta choroko, akaniuliza kama mtu anavyouliza umri wa mtoto: kwa mwaka unalipwa ng'ombe wangapi? Mimi ni mtu wa Korogwe. Kwetu mshahara wa mtu ni siri yake na benki, na mara nyingi hata mume haambiwi. Nikababaika, nikamwambia kwamba kwa mwezi haufikii ng'ombe mmoja. Akausimamisha ungo.

"Basi unalipwa mbuzi," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilinuna siku nzima, kwa sababu alikuwa amepiga hesabu sawasawa.

Kazi yangu ni ufundi wa kuhakiki vipimo. Ofisini tunaita kalibresheni, lakini nikilitamka neno hilo nje ya ofisi watu hunitazama mdomo, kwa hiyo husema tu kwamba kazi yangu ni kuhakikisha mizani ikisema kilo mia, ni kilo mia kweli. Naweka mawe yangu juu ya mizani, nasoma namba, naandika. Mawe yenyewe ni ya chuma, yapo kumi, kila moja kilo ishirini, ila kila mtu anayaita mawe nami siwezi kugombana na nchi nzima. Kila mwaka mwezi wa tatu yanapelekwa Mwanza, kwenye maabara ya kampuni yetu, yakapimwe na yenyewe. Yanarudi na cheti kinachosema kila jiwe lina uzito gani mpaka sehemu ya gramu. Bila cheti hicho ni vyuma vya kuzuilia mlango usipigwe na upepo.

Nilikwenda Bariadi kwa miezi mitatu, kumshikia nafasi mwenzangu aliyekuwa anaumwa. Yule mwenzangu alipona, akapata kazi mgodini Geita, na miezi yangu mitatu ikawa miaka minne. Ndivyo ilivyo kwenye kazi yetu. Wanaopanda kweli ni wanaochukuliwa na migodi, na migodi haichukui wengi. Sisi tunaobaki tuna ngazi ya vipandio vitatu. Unaanza msaidizi, unabeba mawe. Unakuwa fundi, unabeba mawe na kuandika. Halafu kuna mwenye saini, ambaye habebi kitu. Huyu anakaa maabara Mwanza, karatasi ulizoandika zinamfikia, anazisoma, anasaini, na saini yake ndiyo inayoifanya karatasi iwe cheti. Analipwa zaidi ya mara mbili ya fundi. Miaka yote ile niliipima mizani ya mkoa mzima wa Simiyu, na hakuna cheti hata kimoja chenye jina langu.

Lakini si fedha iliyokuwa ikiniuma zaidi. Mwenye saini analala kwake. Asubuhi anampeleka mtoto shule, jioni anamkuta. Mimi nilikuwa na binti wa miaka saba, anaishi Korogwe na mama yangu mzazi, kwa sababu siku nne au tano za kila juma nilikuwa barabarani, leo Zagayu, kesho Mwanhuzi, na hakuna mtu wa kumwachia. Bibi yake akamzoea, naye akamzoea bibi. Akawa anamwita bibi yake mama, kwa kuwa ndivyo alivyonisikia nikimwita. Mimi nikawa mama wa Bariadi. "Mama wa Bariadi anapiga," nilimsikia akisema, simu ikiwa bado mbali na sikio lake. Nilicheka. Baada ya kukata simu sikucheka.

Upweke wa Bariadi haukuwa wa kukosa watu. Watu walikuwepo tele na wakarimu kupita kiasi. Asubuhi ni mwangaluka, mchana ni mwadila, na hawakusalimu huku wanapita, walisimama. Ila jioni barazani mazungumzo yalikuwa ya Kisukuma, yanakwenda kasi, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nikitokea na kiti changu, kwa heshima wanabadili lugha, wanaongea Kiswahili kwa ajili yangu. Na wakishabadili, hadithi inakufa. Kinabaki kimya na maswali ya adabu kuhusu mvua za Tanga. Nikajifunza kukaa chumbani ili watu wa nyumba wacheke vizuri.

Kazini ndiyo usiseme. Kwenye mizani ya pamba mimi si wa mtu yeyote. Mnunuzi anadhani nimetumwa na wakulima, wakulima wanadhani nimeshakula kwa mnunuzi. Na sheria ya ofisi yetu inakataza kula chochote kwa watu ninaowapimia, hata soda, isije ikasemwa kwamba namba zangu zimetiwa chumvi. Ni sheria nzuri ukiisoma Mwanza. Siku moja Zagayu mama mmoja wa chama cha ushirika aliniandalia ugali na maziwa ya mgando, akanawa na kuninawisha, na mimi nikasimama pale na mikono yangu iliyolowa nikamwambia siruhusiwi. Alidhani nimesema nasikia kinyaa. Sikumlaumu, kwa watu wa kule kukataa chakula mbele ya aliyekipika ni tusi, na mimi nimelelewa hivyohivyo. Nikaenda kula mkate wangu ndani ya kirikuu, yale magari madogo ya mizigo niliyokuwa nakodi, pamoja na mawe yangu kumi. Kila nilipofika Zagayu baada ya siku ile, yule mama alikuwa na shughuli upande wa pili.

Kwa hiyo nilikuwa nakaa na mawe. Sisemi kwa kutafuta huruma. Kontena la ofisi lililokuwa Bariadi lilivuja, nikayahamishia chumbani kwangu, nikayapanga ukutani mawili mawili. Nilifagia nikiyazunguka. Nilijua lipi lina mshikio uliopinda kidogo na lipi limepigwa pembeni pale lilipoanguka Mwanhuzi. Ukikaa na kitu miaka minne chumbani, kinakuwa chombo cha nyumbani, na hapo ndipo lilipoanzia kosa langu.

Mwezi wa kumi na moja ilikuja simu kutoka Mwanza. Mwenye saini mmoja anastaafu. Mkuu wa maabara atakuja Bariadi siku ya Jumatano, anione nikifanya kazi, akague vifaa vyangu na karatasi zangu. Akiridhika, naanza Mwanza mwezi wa kwanza. Nilikaa kitandani simu ikiwa mkononi. Mwezi wa kwanza ndiyo shule zinafunguliwa. Nilipaswa kunyamaza, mtu mzima hunyamaza mpaka jambo liive, lakini jioni ileile nilimpigia binti yangu nikamwambia kwamba mwezi wa kwanza nitakuja kumchukua, tukaishi wote Mwanza.

Akauliza kama Mwanza kuna shule. Akauliza kama bibi naye anakuja. Halafu akauliza kama itabidi aniite mama wa Mwanza. Nikamwambia hapana, tukiwa nyumba moja utaniita mama basi. Kesho yake mama yangu alinipigia kulalamika kwamba mtoto ameshapanga nguo zake kwenye begi na hataki zitolewe hata kufuliwa.

Jumapili kabla ya Jumatano hiyo, nyumba nzima ilikwenda kanisani. Mimi ni Mwislamu; Jumapili zangu Bariadi zilikuwa ni kufua na kusubiri wenzangu warudi. Nilikuwa nimeshafua. Nikayatazama mawe. Msimu wa pamba ulikuwa umeyachosha. Rangi imebanduka, kutu imeshika kwenye mishikio, moja lina doa la lami kutoka sijui wapi. Nikamwona akilini mkuu wa maabara akiinama kuyatazama. Nikaona aibu, ile aibu ya mwanamke anayetarajia wageni wakati vyombo vyake vina masizi.

Nikaenda dukani, nikanunua kopo la rangi ya mafuta ya kijivu, msasa na brashi. Niliyatoa mawe uani moja moja. Niliyasugua, nikayafuta na mafuta ya taa, nikayapaka. Yalipokauka nikayapaka mkono wa pili. Kila jiwe lina tundu dogo lililozibwa kwa madini ya risasi, na juu ya risasi kuna muhuri wa maabara. Pale nilipita taratibu na ncha ya brashi, nikazunguka, hata tone halikugusa. Nalikumbuka hilo kuliko yote, kwa sababu maana yake ni kwamba sehemu fulani ya akili yangu ilikuwa inajua kuna kitu hakiguswi.

Mwenye nyumba aliporudi kutoka kanisani alisimama mlangoni na kitenge chake kizuri.

"Mayu, haya yanaolewa?" akaniuliza; kwao mama ni mayu.

Tulicheka. Nilimweleza habari ya Jumatano na ya Mwanza, akaniletea kigoda na uji, akakaa nami uani mpaka alasiri, akiniuliza habari za mtoto. Niliimba nikifanya kazi. Sijui ni lini kabla ya hapo niliwahi kuimba Bariadi. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote nilizokaa pale, nami nilikuwa naiharibu kazi yangu kwa brashi.

Mkuu wa maabara alifika Jumatano saa tatu asubuhi, anaendesha mwenyewe gari la ofisi. Ni mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja usoni na moja juu ya kichwa. Aliniita fundi, hakuniita jina, nami nikapenda. Tulipakia mawe kwenye gari lake, tukaenda Sapiwi, kwenye ghala la chama cha ushirika, ambako kulikuwa na mizani ya sakafuni ya kilo mia tatu. Katibu wa chama alitufungulia. Nikasawazisha mizani, nikavaa glavu, nikayapanga mawe juu ya turubai safi, kumi, yanang'aa. Nikatoa cheti cha mawe kwenye jalada ili nimkabidhi mkuu.

Nilipokuwa nakitoa, macho yangu yalipita kwenye safu ya uzito. Jiwe la kwanza, kilo ishirini na sehemu ya gramu. La pili, kilo ishirini kasoro sehemu ya gramu. Na hapo ndipo nilipokumbuka, nimesimama, mkono umenyooka. Rangi ina uzito. Jiwe likipakwa rangi si jiwe lile lililopewa cheti. Ni kitu cha mwaka wa kwanza chuoni, somo la wiki ya pili, nami nimewafundisha wasaidizi watatu kwa mdomo wangu mwenyewe: jiwe halisuguliwi, halipakwi, na likipakwa linarudi maabara kabla halijagusa mizani ya mtu.

Mkuu alikuwa ameshachuchumaa. Alipitisha kidole chenye glavu kwenye mshikio, akakinusa. Kisha akavuta ile miwani ya pili kutoka kichwani na kufungua daftari lake.

"Hii rangi ilipakwa kabla hayajaja kwetu mwezi wa tatu," alisema. "Ndiyo, fundi?"

Hakulisema kama swali kamili. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Katibu wa chama alikuwa mlangoni anatafuta mtandao, hakusikia chochote. Nilijua nikiitikia kwa kichwa tu, begi la Korogwe linapanda basi.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilipaka Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii iliyopita."

Alifunga daftari. Hakunikemea. Alimwomba katibu radhi, akamwambia tutarudi siku nyingine, na katibu akafunga ghala bila kuelewa kwa nini watu wametoka Mwanza kuja kupanga mawe kwenye turubai na kuyapanga tena garini.

Tulikuwa tunakaribia mjini.

"Ungesema mwezi wa tatu, ningeandika mwezi wa tatu," alisema, macho yake barabarani.

"Najua, mama."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza," nikamjibu.

Aliniambia kwamba yeye alisubiri saini miaka tisa. Nadhani alitaka kunifariji. Aliniambia mawe inabidi yaende Mwanza naye siku hiyohiyo, na mimi nisipime chochote mpaka yarudi. Tukafika nyumbani. Nilishuka na pochi yangu. Mawe yalibaki nyuma ya gari, yamefungwa kamba, na gari likageuza likashika barabara ya Mwanza. Nilikuwa nimeiwaza safari hiyo tangu siku ya simu: begi langu, godoro langu, gari hilohilo. Sasa yalikuwa yanakwenda mawe.

Mwenye nyumba alitaka kujua. Nilipomweleza hakunielewa, halafu alipoelewa alicheka kwa sauti. "Mayu, mimi nimeuza pamba maisha yangu yote. Nimeibiwa kwa magunia, nimeibiwa kwa mawe yaliyotobolewa. Wewe unanyimwa kazi kwa rangi?" Nilitaka kumweleza kwamba ni gramu chache kwa kila jiwe na kwamba mizani ya Sapiwi hata isingezihisi. Nilitaka kumweleza pia kwamba hilo halihusu, jiwe ni lazima lijulikane au lisitumike. Sikuweza kumaliza hata moja, nikaanza kulia. Akaacha kucheka. Alinishika bega akanena maneno ya Kisukuma, mengi, taratibu, na safari ile hakubadili lugha.

Ofisini Mwanza habari ilienea kwamba mimi ni mwaminifu. Wenzangu walinipigia kunisifia. Walinichosha. Uaminifu ungekuwa kukumbuka siku ya Jumapili na kulirudisha lile kopo dukani. Nilichofanya Sapiwi ni kujibu swali, na zipo siku, hasa nikiwa nafua, namjibu mkuu vingine na kalamu inaandika mwezi wa tatu, na mtoto anashuka kwenye basi stendi ya Nyegezi, Mwanza, na begi lake. Saini alipewa fundi mwenzangu wa Shinyanga. Ni mtu mzuri, anajua kazi. Mshahara wangu uliongezwa kidogo mwaka uliofuata, kama wa kila mtu. Mwenye nyumba alipiga hesabu akasema ni mguu wa mbuzi.

Ila jambo ninalotaka kulisema ni hili. Kumwambia mkuu wa maabara ukweli kulinichukua pumzi moja. Kumwambia binti yangu kulinichukua majuma matatu. Nilipiga simu nikaulizia kikohozi cha bibi. Nilipiga nikaulizia mtihani. Kila nilipopiga aliniambia zimebaki siku ngapi, alikuwa anazikata kwenye kalenda ya duka iliyo ukutani kwa mama yangu, na mimi nikasema vizuri, mwanangu, vizuri. Chumba changu kilikuwa kitupu. Ukutani pale yalipokuwa mawe palikuwa na alama kumi za duara kwenye sakafu, nami niliendelea kufagia nikizizunguka.

Mwisho wa juma la tatu mawe yalirudi na cheti kipya. Lililoongezeka kidogo kuliko yote lilikuwa na gramu tisa zaidi, la juu kabisa kumi na nne. Wakatoa risasi kidogo ndani ya kila tundu, wakayarudisha kwenye uzito wake, wakagonga muhuri upya. Rangi waliiacha. Yale mawe yanang'aa mpaka leo, na rangi yangu ina cheti. Niliyapanga tena ukutani, kila moja kwenye alama yake, nikakaa kitandani, nikapiga simu Korogwe. Ilikuwa saa kumi jioni. Akapokea mwenyewe.

Nilimwambia kwamba kazi ya Mwanza nimeikosa, kwamba nilikosea kitu kazini, kwamba sitakuja mwezi wa kwanza. Nilimwambia yote mfululizo, nikiogopa nikimeza mate nitaacha katikati. Hakulia. Aliuliza nilikosea nini, nikamwambia nilipaka rangi kitu kisichopakwa rangi. Akafikiri. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawahi kuchapwa kwa kuchora ukutani.

"Kwa hiyo bado wewe ni mama wa Bariadi," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Akaiweka simu chini bila kuikata, kama afanyavyo akiwa na kazi ya mikono miwili. Nikamsikia akilivuta begi sakafuni, halafu nikaisikia zipu ikifunguliwa, ndefu, mpaka mwisho.